Pima biashara yako kwa kituo cha leo, sio kwa idadi ya wafuasi

Leo sitaongelea mbinu za kupiga picha ya bidhaa wala saa nzuri ya kupost. Nataka tuongelee kitu ambacho naona kinawatoa watu sokoni haraka kuliko hata mtaji mdogo: kukata tamaa kwa sababu unaona hukui.

Nasema mapema ninachoamini. Kukua kwa muuzaji mdogo hakuonekani kwenye idadi ya wafuasi, wala kwenye ile siku moja oda zimechangamka. Kunaonekana kwenye vitu vidogo unavyovifanya kila siku, ukaviandika na ukavikumbuka. Na maana ya kazi hii, ile inayokufanya kesho uamke tena uwashe data, ipo humohumo kwenye siku ya kawaida. Usipojua kuiona, utaenda kuitafuta kwa mkopo.

KIPIMO CHA KUAZIMA

Angalia kinachotokea. Dada anauza vitenge kwenye status ya WhatsApp. Watu 60 wanaangalia, kwa wiki anauza doti nne. Jioni anaingia Instagram, anakuta mwenzake wa Kariakoo yupo live anafungua robota, watu elfu wanaangalia, oda zinamiminika. Anafunga simu anajiona hafanyi chochote. Hajui yule wa Kariakoo analipa kodi ya fremu shilingi ngapi, anadaiwa na nani, wala alianza lini. Alichokiona ni robota tu.

Hapo ndipo maamuzi ya ajabu yanapoanza. Mmoja anaacha kabisa, anasema biashara ya mtandaoni ina watu wake. Mwingine anaenda kuchukua kausha damu ili mzigo uonekane mwingi kwenye picha. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya programu na majukwaa 69 ya mikopo ya mtandaoni yaliyokuwa yanafanya kazi bila kibali chake. Sasa jiulize, programu 69 zinajitokeza vipi mahali ambapo hakuna wateja? Wateja wapo, na naamini wamo wauzaji wadogo waliokuwa wanataka kufika haraka mahali walipomuona mtu mwingine.

Sisemi kukopa ni dhambi. Mkopo wa kununua mzigo ambao wateja wameshauulizia, na hesabu yake umeipiga, huo ni kitendea kazi. Mkopo wa kununua muonekano ni kitanzi.

WALIOPITA HAPA KABLA YETU

Mimi nipo Usinge, wilaya ya Kaliua, mkoa wa Tabora, kwenye reli ya kwenda Kigoma. Reli hii ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Kabla ya hapo mzigo wa ukanda huu ulikuwa unapita kichwani na begani. Misafara ilitoka Bagamoyo, ikakatiza Ugogo, ikafika Unyanyembe ambako leo ndio Tabora, kisha ikaendelea magharibi, ikavuka Malagarasi mpaka Ujiji. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi. Na sio kwamba walibebea watu wengine tu: tangu mwanzoni mwa miaka ya 1800 Wanyamwezi walikuwa wanaongoza misafara yao wenyewe kwenda pwani kufanya biashara.

Mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo 30 na kidogo. Mwaka 1857 Mwingereza Richard Burton aliondoka pwani mwezi Juni, akafika Kazeh, hapo Tabora, mwezi Novemba. Zaidi ya miezi minne kwa kipande ambacho basi la siku hizi linakimaliza kwa siku moja.

Sitaki kuipamba njia ile. Ilipitisha pembe za ndovu, na ilipitisha watu waliofungwa wakaenda kuuzwa. Hilo halisahauliki. Lakini kwa wale wapagazi kuna mambo mawili ambayo muuzaji mdogo wa leo anaweza kuyachukua.

La kwanza ni vituo. Huwezi kubeba kilo 30 kwa miezi minne huku kichwani umebeba pia miezi yote minne. Walikwenda kituo kwa kituo. Wanaondoka alfajiri, wanatembea kabla jua halijawa kali, wanatua mzigo, wanapika, wanalala. Kesho tena. Kila siku ilikuwa na mwisho wake, na jioni mtu alijua amefika au hajafika. Kwa kijana wa Kinyamwezi, kwenda pwani na kurudi ilikuwa ndio alama ya kuwa mtu mzima. Heshima kubwa namna ile ilipatikana kwa hatua za kawaida kabisa, hatua ambazo njiani hapakuwa na mtu wa kumpigia makofi.

La pili ni ushanga. Misafara ya kuja bara ilibeba nguo, hasa merikani, ilibeba waya na ilibeba ushanga. Ushanga ulikuwa wa aina nyingi, na kila sehemu ilikuwa na aina yake inayopendwa. Ukifika mahali na aina ambayo wenyeji hawaitaki, huna kitu, hata kama una mafurushi kumi. Kwahiyo mtaji haukuwa mzigo peke yake. Kujua nani anataka nini, wapi na lini, nako kulikuwa mtaji, na kulipatikana kwa kusikiliza watu siku hadi siku.

KITUO CHA LEO KWA MUUZAJI WA MTANDAONI

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Wengi tunausikia kama msemo wa hesabu tu. Mimi nauchukua mbali zaidi: siku nayo bila daftari hupotea bila habari. Ndio maana mtu anauza miaka mitatu halafu anasema sijui nimefanya nini.

Ninachokupendekezea ni daftari la kawaida, lile la shule, na maswali matatu kila jioni kabla hujalala. Dakika kumi zinatosha.

1. Leo nimemhudumia nani, na amepata nini?

Usiandike "shuka 1, 25,000" ukaishia hapo. Andika "shuka ya mama wa Nguruka, binti anaenda bweni." Umeona tofauti? Mstari wa kwanza unakuonyesha hela. Mstari wa pili unakuonyesha kwamba kuna mtoto atalala shuleni kwenye kitu ulichokichagua wewe, ukakikunja wewe, ukakipeleka wewe kupakiwa. Hiyo ndio maana ya kazi ninayoisema. Haihitaji mtu akushangilie. Na faida ya mfukoni pia ipo: muhula ukikaribia kufunguliwa tena, unajua nani wa kumtumia ujumbe.

Siku ambayo hujauza chochote usiache ukurasa mtupu. Kama umemwelekeza mtu duka lenye kitu ambacho wewe huna, andika. Umemhudumia. Huyo mara nyingi anarudi.

2. Leo nimejua nini ambacho jana sikukijua?

Hapa ndipo kukua kunapoonekana kwa macho. Mfano, kiangazi huku kwetu vumbi ni jekundu, na watu wanaulizia shuka za rangi iliyokolea kuliko nyeupe. Huo ndio ushanga wetu wa leo. Mfano mwingine, pesa ya huku inafuata tumbaku. Wakulima wakilipwa, mji unachangamka, mpaka muuza chapati anajua. Ikifika Februari, mashamba yapo lakini mifuko imekauka, na ada za Januari zimeshapita na kilichobaki. Muuzaji asiyeandika ataona Februari kama laana. Anayeandika ataiona kama Februari. Atapunguza mzigo wa bei kubwa, ataweka vitu vya elfu mbili mpaka elfu tano, atatumia muda wa utulivu kupanga picha na kukumbusha madeni kwa adabu.

Kwako inaweza isiwe tumbaku. Inaweza kuwa korosho, mpunga, mishahara ya tarehe 25, dagaa au watalii. Kila mji una kalenda yake ya hela, na wa kuijua ni wewe unayekaa hapo, sio wa Kariakoo.

3. Leo nadaiwa nini?

Usiandike pesa peke yake. Andika pesa, mzigo na jibu. Kuna mteja ulimwambia "nakurudia sasa hivi" saa nne asubuhi na sasa ni saa tatu usiku. Hilo ni deni. Kuna mzigo uliahidi kuutuma jana. Deni. Kama gari limechelewa au mzigo umekwama njiani, usimsubiri mteja akuulize, mwambie wewe kwanza na umtumie picha ya risiti ya mzigo. Mteja wa mtandaoni anakutumia hela, tena na ya kutolea, kwa mtu ambaye hajawahi kumuona. Anachonunua kwanza ni neno lako, bidhaa inafuata. Ukilala bila kudaiwa jibu na mtu yeyote, siku hiyo umekua, hata kama umeuza moja.

Halafu chini ya maswali hayo weka hesabu ya kweli. Mfano: umeuza shuka 3 kwa 25,000, jumla 75,000. Ulizinunua 18,000 kila moja, yaani 54,000. Zimebaki 21,000. Toa usafiri wa mzigo 3,000, bando 2,000, makato ya simu 1,500. Faida yako ni 14,500, sio 75,000 na wala sio 21,000. Ukiijua 14,500 yako, hakuna picha ya mtu itakayokudanganya.

KUNA WATAKAOSEMA HUU NI UOGA

Nimeshasikia hoja hiyo na ina uzito. Mtu anakwambia kuridhika na kidogo ndio kunatubakiza maskini, ota ndoto kubwa, fikiri kama milionea. Namuelewa, kwa sababu wapo wanaojificha nyuma ya maneno "namshukuru Mungu kwa kidogo" huku biashara inakufa wanaitazama.

Lakini kituo sio nyumbani. Msafara ulitua ili kesho uondoke, na mwisho wake ulifika Ujiji na ulirudi Bagamoyo. Daftari ninalolisema halikufundishi kukaa. Linakuambia ukweli mapema, hata ule usioupenda. Ukisoma kurasa za miezi mitatu ukakuta bidhaa fulani imeuliziwa mara mbili tu, achana nayo, usiipigie tena promosheni. Ukikuta watu 15 wameulizia kitu ambacho huna, hapo ndipo pa kupeleka hela, na hapo ndipo hata mkopo wa mahali panapoeleweka unaweza kuwa na maana. Mwenye ndoto kubwa bila kumbukumbu anabahatisha. Mwenye kumbukumbu anaweza kuota ndoto kubwa akiwa anajua anakanyaga wapi.

Na kuna jambo moja ambalo wahamasishaji wengi hawaligusi. Hata ukifika huko kwenye mauzo makubwa, maisha yako bado yatakuwa ni siku za kawaida: kujibu ujumbe, kufunga mzigo, kuhesabu, kulala. Kama hujajifunza kuona thamani kwenye siku ya oda mbili, siku ya oda mia mbili itakuchosha tu mara mia zaidi.

ANZA HIVI

Usisubiri Jumatatu wala tarehe moja. Leo jioni chukua daftari, jibu maswali matatu, piga hesabu, lala. Fanya hivyo siku 30. Siku ya 31 usiposti kitu asubuhi. Kaa, soma kurasa zote toka mwanzo, na kalamu mkononi. Zungushia majina ya walionunua zaidi ya mara moja. Pigia mstari kila kitu kilichoulizwa ukawa huna. Hesabu madeni ya majibu: ya wiki ya kwanza na ya wiki ya nne, yamepungua?

Baada ya hapo ndipo uangalie idadi ya wafuasi ukitaka. Mimi sikukatazi. Utaiangalia ukiwa tayari una majibu yako mwenyewe.

Nyie ambao tayari mnaandika, mwaga ujuzi hapo chini: mji wako hela inafuata nini, na swali gani la nne ungeliongeza kwenye daftari? Wengine tujifunze.

Biashara njema.