Vita vya Matajiri wa Chipu, na Nani Anayelipa



Katika kantini zetu kumeingia mchezo mpya. Zamani mabishano ya saa sita yalikuwa ya Gor Mahia na AFC Leopards. Siku hizi vijana wetu, hasa makarani na mafundi wa mitambo, hubishana juu ya kampuni za ng'ambo zitengenezazo chipu, yaani vile vipande vidogo vya silikoni ambavyo ndivyo ubongo wa kompyuta na simu. Huyu ni wa Intel, yule ni wa AMD, na wa tatu anawacheka wote wawili kwa kuwa yeye ni wa Nvidia. Wengine wamenunua hata vijisehemu vya hisa kwa simu zao. Bei ikipanda wanaruka kama waliofunga bao. Ikishuka wananuna mpaka jioni.

Hatuwakatazi. Mtu akitaka kutazama vita vya wengine, macho ni yake. Lakini katika mkutano wa tawi ndugu mmoja alisimama akasema kwamba ushindani wa kampuni hizi ni neema kwa mfanya kazi, maana tajiri akishindana na tajiri mwenzake hana budi kumtunza mtu wake. Wengi walipiga makofi. Ndiyo sababu tunaandika. Maneno hayo si kweli, na tutaonyesha kwa hesabu wala si kwa kelele.

Intel ilianzishwa mwaka 1968 huko California na Robert Noyce na Gordon Moore. AMD ilifuata mwaka 1969, nayo ikaanzishwa na Jerry Sanders na wenzake, waliotoka katika kampuni ile ile ya Fairchild walikotoka Noyce na Moore. Basi ugomvi huu ni wa watoto wa nyumba moja. Kwa miaka mingi Intel ilikula nyama na AMD ikaokota makombo. AMD ilishitaki kwamba mwenzake anawapa watengenezaji wa kompyuta punguzo la bei ili wasinunue kwake, na mwaka 2009 Intel ikakubali kulipa dola bilioni 1.25 shauri liishe. Mwaka huo huo AMD ilikuwa hoi hata ikavitenga viwanda vyake vikawa kampuni nyingine, ikabaki kuchora chipu tu na kutengenezewa na wengine. Mwaka 2015 hisa yake moja iliuzwa kwa chini ya dola 2. Kisha ikainuka chini ya Bibi Lisa Su, na mwaka 2022 thamani yake sokoni ikaipita ile ya Intel. Nvidia ni mdogo wao, wa mwaka 1993. Ilianza na chipu za picha za michezo ya kompyuta, na ikaonekana baadaye kwamba chipu hizo ndizo zifaazo kuendesha akili bandia. Oktoba 2025 thamani ya hisa zake zote ilifika dola trilioni 5, na hapana kampuni iliyowahi kufika hapo kabla yake.

Hiyo ndiyo hadithi wanayoijua vijana wetu. Wasiloambiwa ni kwamba huyo Noyce, ambaye huko kwao anahesabiwa kama baba wa kazi hii, aliwahi kusema kwamba kubaki bila chama cha wafanya kazi ni sharti la kuishi kwa kampuni kama yake. Waliogombana juu ya kila kitu walipatana juu ya neno hilo moja. Likawekwa katika msingi wa nyumba, na nyumba ikajengwa juu yake.

Sasa tumtazame aliyeshindwa. Intel ilikawia katika ufundi wa kutengeneza chipu ndogo zaidi, ikazikosa simu, na ilipofika zamu ya akili bandia ikawa nyuma tena. Nani alifanya makosa hayo? Si mwanamke anayekagua chipu kwa darubini kule Penang. Kwa miaka mingi wakubwa wa Intel walitumia zaidi ya dola bilioni 100 za kampuni kununua hisa za kampuni yenyewe ili bei ya hisa ipande, na fedha hizo hazikununua mtambo hata mmoja. Ilipofika siku ya kulipa, tarehe 1 Agosti 2024, ilitangazwa kwamba watu 15,000 hivi wataondoshwa. Mwaka huo Intel ilipata hasara ya dola bilioni 18.8. Mkubwa wake, Pat Gelsinger, aliondoka mwezi wa Desemba na malipo ya kuagia yanayohesabiwa kwa mamilioni ya dola. Alipoingia mkubwa mpya, Lip-Bu Tan, watu wengine wakapunguzwa, na Julai 2025 kampuni ikasema inataka kufunga mwaka na watu 75,000 hivi. Mwisho wa mwaka 2023 walikuwa zaidi ya 120,000.

Katika kubana matumizi hayo waliwaondolea wafanya kazi hata kahawa na matunda ya bure. Kahawa ilirudishwa Novemba 2024 baada ya manung'uniko. Matunda hayakurudishwa. Sisi tunaotoka katika nchi inayochuma kahawa hiyo tulicheka kidogo, kisha hatukucheka tena.

Ndugu yetu wa tawini atajibu: sawa, huyo ameshindwa, lakini mshindi je? Vema. AMD, mwaka wake wa 2024, iliuza mali ya dola bilioni 25.8, kiasi ambacho haikuwa imepata kuuza kabla ya hapo tangu kuzaliwa. Novemba ya mwaka huo huo ilitangaza kuwaachisha kazi watu wake 4 katika kila 100. Kwa hiyo ukishindwa unafukuzwa, na ukishinda unafukuzwa pia, ila kwa barua yenye maneno mazuri zaidi.

Nvidia haikufukuza hivyo, na hatutaki kusema uongo juu yake. Wachoraji wake wengi wana hisa na wametajirika. Lakini hesabuni nasi. Katika mwaka wa hesabu uliokwisha Januari 2025 ilipata faida ya dola bilioni 72.9, na watu walioandikwa nayo walikuwa 36,000 hivi. Ni kama dola milioni 2 za faida kwa kila kichwa. Inawezekanaje? Inawezekana kwa sababu Nvidia haina kiwanda cha chipu. Chipu zake nyingi huchomwa Taiwan na kampuni nyingine, kumbukumbu zake nyingi hutoka Korea Kusini, na kazi ya kuziunganisha iko mikononi mwa watu wasioandikwa na Nvidia. Wale waliotia mikono hawamo katika hesabu ya vichwa. Kontrakta anaufahamu mchezo huu, na sisi tunaufahamu kwa kuwa tumechezewa.

Hapo Korea ndipo pana somo ambalo tungependa lisomwe kwa sauti katika kila tawi. Wako matajiri wawili wa chipu za kumbukumbu, Samsung na SK Hynix. Samsung ilikuwa na desturi ya kutotaka chama kabisa, mpaka mwaka 2020 mkubwa wake aliposema hadharani kwamba desturi hiyo imekwisha. Biashara ya chipu ilipoanguka mwaka 2023 bahashishi za wafanya kazi ziliruka hewani. Julai 2024 chama chao, chenye wanachama 30,000 hivi, kiligoma, nao ulikuwa mgomo mkuu wa kwanza katika historia ya kampuni hiyo. Walirudi kazini Agosti bila kupata walichodai. Tunasema hivi waziwazi, kwa kuwa si kila mgomo hushinda, na anayewaambia wanachama vinginevyo anawadanganya. Chama chao kilikuwa kichanga na mitambo iliendelea kuzunguka.

Lakini ng'ambo ya pili ya ushindani huo, SK Hynix ilikuwa ikiuza kumbukumbu kwa Nvidia na kufurika faida. Tajiri alitaka bahashishi iwe na kikomo. Chama kikakataa, kikabishana miezi, na Septemba 2025 wakapatana: sehemu 10 katika kila 100 za faida ya kazi ziwe za wafanya kazi, kikomo kiondolewe, na mishahara ipande kwa 6 katika 100. Tazameni basi. AMD ilifanikiwa, na mafanikio yake hayakuwazuia watu kuachishwa. SK Hynix ilifanikiwa, na mafanikio yake yakafika mpaka kwenye bahasha ya mshahara. Chipu ni chipu. Tofauti ni kwamba Korea palikuwa na watu wawili mezani, na kule Marekani palikuwa na mmoja.

Sasa tuje kwa jambo linalotuhusu sisi moja kwa moja. Nchi ndogo ya Costa Rica ilimkaribisha Intel katika miaka ya 1990 kwa misamaha ya kodi na sherehe nyingi. Muda si muda karibu sehemu moja katika tano ya mali yote iliyouzwa nje na nchi hiyo ikawa ni chipu za kiwanda kimoja. Mwaka 2014 Intel ikaamua kupeleka kazi ya kuunganisha na kupima Asia, na watu 1,500 wakapoteza kazi. Baadaye ikarudi, kazi ikaanzishwa upya, watu wakaandikwa tena. Julai 2025 ikatangaza kuondoka mara ya pili, kazi iende Vietnam na Malaysia. Wale watu hawakuwa wavivu, wala hawakugoma, wala hawakuharibu kitu. Nvidia na AMD walimpiga Intel huko mbali, na jeraha likatokea Costa Rica.

Ujerumani ni nchi kubwa, lakini haikufua dafu. Serikali yake iliahidi karibu euro bilioni 10 za wananchi ili Intel ijenge Magdeburg. Mwaka 2024 kazi ikaahirishwa, na mwaka 2025 ikafutwa, pamoja na ile ya Poland. Huko Ohio, nyumbani kwao wenyewe, kiwanda kilichoahidiwa kuanza 2025 kimesogezwa mpaka mwisho wa muongo huu au baada yake.

Na wale fahali wawili wasiokaa zizi moja? Agosti 2025 serikali ya Marekani iligeuza misaada ya dola bilioni 8.9 kuwa hisa, ikapata karibu sehemu moja ya kumi ya Intel. Mwezi uliofuata Nvidia, mshindani mwenyewe, ikatangaza kutia dola bilioni 5 katika Intel. Fahali sasa wanakula hori moja. Wakati wa kupigana walipigana juu ya migongo ya watu. Wakati wa kupatana wamepatana wenyewe kwa wenyewe, na hatujasikia kwamba mmoja wa wale maelfu ameitwa arudi kazini kwa ajili ya mapatano hayo.

Mtauliza, Kenya inahusika vipi? Mei 2024, Rais Ruto alipozuru Washington, Ikulu ya Marekani ilisema inataka Kenya iingizwe katika mpango wa fedha za chipu. Nyeri, katika Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi, kimekwisha kuwako kiwanda kidogo cha kazi hii, na tunajivunia vijana wanaofanya kazi humo. Kazi inatakiwa. Asiyekuwa na kazi hasubiri hotuba zetu. Lakini tunajua misamaha ya kodi ya miaka 10 ya EPZ, na tunajua pia kwamba hapa Nairobi, tarehe 1 Mei 2023, zaidi ya vijana 150 wanaosafisha maneno na picha za mitandao na kuifundisha hiyo akili bandia inayozitajirisha kampuni za chipu walikutana na kupiga kura waunde chama chao. Hawakufanya hivyo kwa kuwa walitunzwa vizuri.

Tena kazi ya chipu ni kazi ya madawa makali. Samsung ilichukua zaidi ya miaka 10, tangu msichana mmoja wa kiwandani alipokufa kwa saratani ya damu mwaka 2007, mpaka ilipoomba radhi hadharani Novemba 2018 na kukubali kuwalipa wagonjwa. Aliyeanza kudai alikuwa baba yake, dereva wa teksi.

Kwa hiyo, kabla hakijakatwa utepe wowote, tunataka serikali itujibu. Tajiri akiondoka kabla ya miaka aliyoahidi, kodi aliyosamehewa atairudisha? Chama kitaruhusiwa kuingia langoni tangu siku ya kwanza, au tutaambiwa tungoje kiwanda kikomae? Madawa yatakayotumika yataandikwa katika ubao kwa Kiswahili ili mfanya kazi ajue anashika nini? Na watu wataandikwa na kampuni yenyewe, au na kontrakta?

Kamati inaandika barua yenye maswali haya. Tawi lenye swali la kuongeza lilipeleke kwa katibu wake kwa maandishi kabla ya mkutano wa mwezi ujao. Yule ndugu aliyesema tawini tumemwomba awe mmoja wa watakaoipeleka, naye amekubali.