KIJANA MCHORAJI, ILHAMU HAIPAKULIWI



Ndugu zangu katika imani, leo nataka kuzungumza na vijana wetu wanaochora, wanaobuni mabango, wanaotengeneza katuni na video za mafundisho. Nitazungumza pia na sisi wazee tunaowatuma kazi hizo, kwa sababu kosa nitakalolieleza si la upande mmoja.

Kabla ya Ramadhani ya mwaka juzi kamati yetu ilihitaji bango la darsa. Kijana mmoja wa mtaani akalileta usiku ule ule. Maashaallah, lilimeremeta: kuba la dhahabu, fanusi zinaning'inia, mwezi mwandamo, na kwa mbali msafara wa ngamia unapita juu ya mchanga. Tukalichapisha, tukalibandika ukutani. Mtoto mmoja wa madrasa, hata miaka tisa hajatimiza, akasimama mbele yake akaniuliza: "Ustadhi, huu msikiti uko wapi?"

Nilikosa jibu. Msikiti wetu hauna kuba. Una ukuta wa chokaa, birika la kutawadhia, na mnazi uliopinda mlangoni. Na ngamia, wallahi, mtoto yule hajamwona hata mmoja.

Jioni ndugu mmoja akanitumia mabango matatu ya misikiti mingine. Kuba lile lile, ngamia wale wale. Na kwenye bango letu, ukitazama vizuri pembeni, jina la mwenye picha lilikuwa bado linasomeka. Limefifishwa lakini halikufutika.

Nikamwita yule kijana, na hasira zangu. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa adabu: "Sheikh, ulinipigia baada ya Alasiri, ukataka bango kabla ya kulala. Bando nilinunua mwenyewe. Ningechora saa ngapi?"

Hasira yangu ikageuka aibu.

Vijana wengi huniambia, "Sheikh, naingia mtandaoni kutafuta ilhamu." Mwanangu, ilhamu ni jambo ambalo Mwenyezi Mungu hulitia moyoni mwa mja. Unachokikuta mtandaoni ni kazi za watu zilizokwisha. Ukitazama kazi mia moja kwa usiku mmoja bila kugusa penseli, hupati ilhamu, unapata hamu tu. Na hamu haichori.

Basi nina nasaha nne.

KWANZA: TAZAMA KILICHO MBELE YAKO.

Msiseme Sheikh anawachukia ngamia. Qur'ani yenyewe imewaelekeza watu wamtazame ngamia jinsi alivyoumbwa. Lakini hebu fikiri, waliosikia maneno yale mwanzo walikuwa watu gani? Ni watu waliolala na ngamia, wakasafiri naye, wakanywa maziwa yake. Waliambiwa watazame kitu walichokiona kila siku mpaka wakaacha kukizingatia. Sasa wewe mtoto wa pwani, kipi unakiona kila siku na hukizingatii?

Nenda Kizimkazi, kusini mwa Unguja, ukaone kibla cha msikiti wa kale. Kuna maandishi ya Kikufi yaliyochongwa kwenye jiwe, yenye tarehe ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107 Miladia. Tazama fundi alivyozirefusha herufi mpaka zikawa pambo. Nenda Lamu utazame zidaka za chokaa ndani ya nyumba za kale, kisha uvuke Shela ukaone mnara wa msikiti wake, mnene chini, unachongoka kwenda juu. Simama mbele ya mlango wa kuchonga wa Mji Mkongwe, ufuate kwa kidole minyororo na mawaridi yaliyozunguka fremu yake.

Huna nauli? Tazama mkeka unaoswalia. Mama aliyeusuka aliusoma ukindu kwa hesabu, mwekundu huingia hapa, mweupe hutoka pale, na mwishowe pembe zote zikakutana. Hiyo ni elimu ya ubunifu, nawe umeikalia.

PILI: KUAZIMA KUNA ADABU YAKE.

Wapo watakaouliza, "Kwani kunakili ni haramu?" Hapana. Mwanafunzi wa khat hunakili herufi za mwalimu wake miaka na miaka mpaka apewe ijaza. Lakini ananakili kwa mkono wake, na anamtaja mwalimu wake. Kupakua kazi ya mtu na kulififisha jina lake ni jambo jingine kabisa. Hiyo ni amana iliyovunjwa, na kulibandika bango ukutani mwa msikiti hakuisafishi.

Nikupe mfano wa mtu asiyekuwa katika dini yetu. Mchoraji wa Uholanzi, M. C. Escher, alifika kasri ya Alhambra mjini Granada, Hispania, mwaka 1922. Kasri ile ilijengwa na watawala wa Kiislamu, na kuta zake zimejaa vigae vya maumbo yanayoshikana bila kuacha pengo. Mwaka 1936 akarudi na mkewe, wakakaa siku kadhaa wakinakili maumbo yale kwa penseli na rangi, moja baada ya jingine. Kisha akaenda zake kufanya kazi. Mafundi wa Alhambra walitumia nyota na pembe, yeye akatengeneza samaki, ndege na mijusi wanaoshikana vivyo hivyo. Dunia ikamjua kwa kazi hiyo, na hakuficha kwamba chemchemi yake ilikuwa vigae vile.

Angalia alivyofanya. Alikwenda, akakaa, akanakili kwa mkono, akaelewa kanuni, akatoa chake, akataja alikochota. Je, sisi tunaorithi vigae vile tumewahi kukaa mbele ya chochote kwa saa moja?

TATU: ANZA NA KIDOGO ULICHO NACHO.

Vijana wa katuni hulalamika kwamba hawana kompyuta ya maana. Mwaka 1926, mwanamke wa Kijerumani, Lotte Reiniger, alionyesha filamu ndefu ya vivuli iliyotokana na hadithi za Alfu Lela Ulela. Ndiyo filamu ndefu ya katuni ya zamani kuliko zote zilizobaki hadi leo. Alikata karatasi nyeusi kwa mkasi, akazisogeza kidogo kidogo chini ya kamera, picha moja moja, kwa muda wa miaka mitatu hivi. Simsifu kwa kila kilichomo katika hadithi ile. Nasifu subira. Mkasi na karatasi unavyo hata wewe.

Na katika hilo, najua wanachuoni wamezungumza kwa urefu kuhusu picha za viumbe wenye roho. Wapo waliokataza kabisa, wapo waliotofautisha sanamu yenye mwili na mchoro wa karatasini, au picha ya kutukuzwa na ya kumfundishia mtoto. Muulize mwalimu unayeiamini elimu yake, ufuate kwa utulivu. Lakini usiufanye mjadala huo kisingizio cha uvivu. Khat, maumbo, mimea, bahari, majahazi na majengo ni uwanja mpana usioumaliza umri wako.

NNE: NASI WAZEE TUBADILIKE.

Tunamtuma kijana kazi ya siku tano tukimpa saa tano. Tukiulizwa malipo tunasema "fii sabilillah", ilhali aliyechapisha karatasi tumemlipa, na aliyekodisha spika tumemlipa. Mtume wetu (s.a.w.) ametuhimiza kumpa mfanyakazi ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Je, jasho la mwenye penseli si jasho? Kijana akitaka kutoa kazi yake sadaka, hiyo ni khiari yake, haiwi sadaka kwa sisi kumlazimisha. Anayenyimwa muda na ujira ataiba picha, nasi tuliomsukuma tumo katika kosa hilo.

Atasema mtu, "Sheikh, bango ni tangazo tu, muhimu ni darsa." Ndugu yangu, rejea kwenye swali la yule mtoto. Ukuta nao unasomesha. Kila Ramadhani tukimwonyesha kuba la ugenini na jangwa la ugenini, tunamfundisha bila kutamka kwamba dini yake makazi yake ni kwingine, na kwamba kwao hakuna kizuri kinachofaa kubandikwa. Ilhali kibla cha Kizimkazi kina zaidi ya miaka mia tisa!

Mwaka jana tulimpa yule kijana wiki tatu, na nusu ya ujira tukaitanguliza. Alikuja na daftari akakaa nje ya msikiti, asubuhi kadhaa. Bango lake halikumeremeta kama lile la kwanza. Lilikuwa na ukuta mweupe, birika, na pambizoni pambo la mkeka wa nyumbani kwao. Watoto wakalizunguka. Mmoja akauliza kwa nini mnazi umepinda, wenzake wakamjibu kwa pamoja: "Si ndivyo ulivyo!"

Hakuna aliyeuliza msikiti huo uko wapi.

Ewe kijana, leo baada ya swala usikimbilie simu. Kaa dakika kumi mbele ya kitu kimoja, ukichore, hata kikitoka vibaya. Kesho rudi pale pale. Nawe mjumbe wa kamati, Ramadhani haiji kwa kushtukiza, mpigie kijana wako mapema.

Mwenyezi Mungu awafungulie vijana wetu macho na mikono, awape riziki ya halali katika vipaji vyao, na atusamehe sisi tuliowadhulumu. Aamiin.

Wallaahu a'lam. Mfikishie ujumbe huu kijana mmoja mchoraji unayemjua, na mzee mmoja anayemtuma kazi.