Radhi ya Dakta Spitzer

Mwaka 2003 Robert Spitzer, daktari bingwa wa magonjwa ya akili wa Marekani, alichapisha utafiti akidai baadhi ya watu wanaovutiwa na jinsia yao waweza kubadilishwa kwa tiba. Ushahidi wake? Watu 200 waliohojiwa kwa simu, wengi wameletwa na watoa tiba wenyewe na vikundi vya dini. Muulize mwuza maziwa kama ametia maji!

Mwaka 2012, akiwa mzee na mgonjwa, aliandika barua kuwaomba radhi waliopoteza muda na nguvu zao kwa kumwamini. Huo ni uungwana. Lakini tiba hiyo bado inauzwa, na anayepelekwa mara nyingi ni kijana aliyeshikwa mkono na mzazi. Sahihi kwenye fomu ya kukubali tiba si yake.