MWALIMU WA HESABU ASIACHWE PEKE YAKE

Kila mwaka, matokeo ya mtihani wa Kidato cha Nne yatangazwapo, wananchi husikia habari ile ile juu ya somo la hesabu. Kwa miaka kadhaa mpaka 2022, katika kila watahiniwa 100 waliofaulu somo hilo walikuwa kama 20 tu. Mwaka 2023 hali ilipanda kidogo, wakafikia kama 25. Maana yake ni kwamba watoto watatu katika kila wanne humaliza sekondari bila ya hesabu. Matokeo yakisha kusomwa, wazazi huwalaumu watoto, watoto huwalaumu walimu, walimu huzilaumu shule za msingi, na baada ya majuma mawili jambo lenyewe limekwisha kusahauliwa.

Sisi hatukubali hata kidogo kwamba mtoto wa Bonde la Kilombero amezaliwa na kichwa kisichoweza hesabu. Apitaye Mlabani, katika mji wa Ifakara, wakati wa mavuno, huwakuta watoto wakiwasaidia mama zao kuuza mchele, na chenji wairudishayo haikosi hata shilingi. Akili hiyo yapotelea wapi mtoto aingiapo darasani? Twaonelea kuwa haipotei. Inakosa mtu wa kuiamsha, kwa sababu mwalimu mwenyewe hakusaidiwa kuijua hesabu kwa undani. Alipewa kanuni, naye hutoa kanuni.

Hatusemi hivi kwa kumtukana mwalimu. Yafaa tukumbuke tulikotoka. Wakati wa Uhuru, mwaka 1961, walimu wengi wa sekondari walikuwa wageni. Chuo Kikuu kilichofunguliwa Dar es Salaam mwezi Oktoba mwaka huo kilianza na somo la sheria peke yake; kitivo cha sayansi kilikuja baadaye. Kuanzia 2006 wananchi walijitolea kujenga shule za sekondari katika kila kata, na sifa yao haitafutika. Lakini majengo yalisimama upesi kuliko walimu. Vijana waliomaliza Kidato cha Sita walipewa mafunzo ya majuma machache, wakatupwa darasani, na watu wakawabandika jina la "Voda Fasta." Vijana hao walishika chaki pale ambapo hapakuwa na mtu, na twawashukuru. Kosa si lao. Kosa ni letu sote tuliodhani kwamba mtu akisha kuingia darasani hana haja tena ya kujifunza.

Kuijua hesabu kwa undani ni nini hasa? Tutoe mfano mmoja. Mwanafunzi aambiwa agawanye moja na robo tatu kwa nusu. Mwalimu husema, "Geuza sehemu ya pili juu chini, kisha zidisha." Mtoto hugeuza, huzidisha, hupata tatu na nusu. Akithubutu kuuliza kwa nini tunageuza, hujibiwa, "Ndiyo kanuni." Basi mtoto hujifunza kwamba hesabu haina sababu, na kwamba kuuliza ni utovu wa adabu.

Mwalimu anayeijua hesabu kwa undani angesema hivi: una gunia moja na robo tatu za mpunga, nawe waumimina katika mifuko iingiayo nusu gunia. Utajaza mifuko mingapi? Gunia moja lajaza mifuko miwili. Robo tatu zajaza mfuko mmoja na nusu. Jumla ni mitatu na nusu. Tena angeonyesha kwamba kila gunia lina nusu mbili ndani yake, ndiyo maana kugawanya kwa nusu ni sawa na kuzidisha kwa mbili. Mtoto aliyeelewa hivyo, hata atakapokutana na herufi x na y mahali pa namba, hatapotea. Aliyekariri tu atapotea siku ile ile.

Watu wa bonde hili wawajua Wachina kwa ajili ya reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975 ikapita Ifakara na Mlimba, kisha ikapanda milima kwa madaraja na mahandaki hadi Makambako. Lipo jambo jingine la kujifunza kwao. Mwaka 1999 mtaalamu aitwaye Liping Ma alichapisha kitabu juu ya walimu wa shule za msingi wa Marekani na wa China. Aliwapa hesabu hiyo hiyo ya moja na robo tatu kugawanywa kwa nusu, akawataka pia wabuni kisa cha kuieleza maana yake. Walimu 72 wa China wote walipata jibu, na karibu tisa katika kila kumi walibuni kisa kilicho sahihi. Katika walimu 23 wa Marekani, aliyebuni kisa kinachofaa alikuwa mmoja tu. Tena Wachina hao walikuwa wamekaa shuleni miaka michache kuliko wenzao. Siri yao ilikuwa kwamba waliendelea kujifunza wakiwa kazini: waliketi pamoja, wakakichambua kitabu cha kiada ukurasa kwa ukurasa, wakaulizana kwa nini.

Msomaji asidhani kwamba jambo hili ni la mitihani peke yake. Mkulima wa miwa wa Kidatu hulipwa kwa tani na kwa kiwango cha sukari kilichopimwa ndani ya miwa yake. Asiyejua asilimia atajuaje kama amelipwa haki yake? Asiyeweza kukokotoa ujazo atamjibu nini mfanyabiashara anayemtaka ajaze lumbesa? Na katika mwaka 2001 watafiti wa Ifakara walitangaza kwamba vyandarua vyenye dawa vilivyouzwa katika Kilombero na Ulanga viliongeza uhai wa watoto wadogo kwa asilimia 27. Habari hiyo iliyookoa watoto ilipatikana kwa hesabu. Twataka watoto wetu wawe miongoni mwa wanaohesabu, wasibaki siku zote kuwa miongoni mwa wanaohesabiwa.

Basi ifanywe nini? Majirani zetu wa Kenya walianza mwaka 1998, kwa msaada wa Japani, mpango wa kuwaimarisha walimu wa hesabu na sayansi wa sekondari. Walianza na wilaya chache, wakaueneza nchi nzima. Kwetu Serikali imekwisha kuanzisha MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, mpango utakao walimu wakutane na kujifunza palepale kazini. Mpango huo ni mwema nasi twauunga mkono. Lakini shule yenye mwalimu mmoja tu wa hesabu, mwalimu huyo akutane na nani? Na ukuta?

Twapendekeza walimu wa hesabu wa kata zilizo jirani, yaani Mlabani, Viwanja Sitini, Lipangalala, Lumemo na Kibaoni, wapewe alasiri moja kila juma wakutane mahali pamoja. Halmashauri iwape nauli na kuwapunguzia vipindi siku hiyo. Wachague mada moja tu, waifanye wao wenyewe kama wanafunzi, waitafutie sababu, kisha mmoja aifundishe darasani na wenzake wakimtazama. Wazungumze kwa Kiswahili mpaka waelewe. Mtoto wa shule ya msingi alifundishwa Kigawe Kidogo cha Shirika, na afikapo sekondari akute jambo lile lile limevaa nguo za Kiingereza. Mwalimu asiyeunganisha majina hayo mawili humpoteza njiani.

Twatoa maonyo mawili. La kwanza, mikutano hiyo isigeuzwe kuwa semina za kutia sahihi na kupokea posho. La pili, mwalimu mkuu au mthibiti ubora asiitumie kuandika makosa ya walimu. Mwalimu anayesema mbele ya wenzake, "Hapa sijui," amefanya tendo la ushujaa. Akiadhibiwa kwa kusema hivyo, hatasema tena, na watakaoumia ni watoto.

Wazazi nao wana kazi. Katika mikutano ya shule tumezoea kuuliza habari za madawati, matundu ya vyoo na chakula cha mchana, na ni vema. Juma lijalo tuulize swali moja zaidi: mwalimu wetu wa hesabu amejifunza nini mwaka huu, na alijifunza pamoja na nani? Swali hilo likiulizwa Mlabani, na Mang'ula, na Mlimba, wakubwa hawatakosa kulisikia. Tulijenga shule kwa mikono yetu. Sasa tumjenge mwalimu aliyemo ndani yake.