Jezi za Mashabiki Zishonwe Kihonda

Siku Simba na Yanga zinapokutana, mji wa Morogoro hugawanyika rangi mbili. Huko Kihonda, kuanzia stesheni ya reli ya kisasa hadi kwenye vibanda vya barabara iendayo Dodoma, nyekundu na nyeupe hukaa upande mmoja, kijani na njano upande mwingine. Mwalimu aliyekuwa darasani asubuhi huonekana jioni amevaa jezi ya timu yake. Mtumishi wa halmashauri naye amevaa, na mwendesha bodaboda, na mama lishe, na mtoto wa shule ya msingi. Hapana sare nyingine katika nchi yetu ambayo watu wa kila hali huinunua kwa fedha zao na kuivaa kwa hiari yao namna hiyo.

Nyuma ya umati huo yamesimama majengo ya viwanda. Kihonda ni eneo lililotengwa kwa kazi ya viwanda, na watu wengi wa mtaa huo wamekula na kusomesha watoto wao kutokana na nguo, turubai, ngozi na viatu. Kwa hiyo yafaa tujiulize: kati ya jezi zote zinazovaliwa siku hiyo, ni ngapi zilizokatwa na kushonwa na mikono ya wafanyakazi wa mji huu?

Jibu halipendezi. Kwa sehemu kubwa jezi halisi za klabu zetu kubwa zimekuwa zikishonwa nchi za nje, hasa China, na kuletwa kwa meli. Zile za bandia nazo hufuata njia hiyo hiyo, au huchapwa uchochoroni. Shabiki wa Kihonda hutoa fedha, hutoa mapenzi, hutoa sauti yake uwanjani. Lakini kazi, ambayo ndiyo msingi wa maendeleo, humwendea mtu mwingine wa mbali. Jambo hili linaweza kurekebishwa, na wakati wa kulirekebisha ni sasa.

Yafaa kwanza tukumbuke tulikotoka. Yanga iliundwa mwaka 1935 na Simba mwaka 1936. Kwa miaka mingi klabu hizo ziliishi kwa ada za wanachama, viingilio vya mlangoni na michango ya wapenzi. Jezi ilikuwa vazi la mchezaji. Shabiki alikwenda uwanjani na shati lake la kawaida, na pengine kitambaa chenye rangi ya timu. Hali haikuwa tofauti sana huko Uingereza, mpaka miaka ya 1970 kampuni ya Admiral ya jimbo la Leicester, iliyokuwa ikishona nguo za ndani, ilipoingia mkataba na klabu ya Leeds United na kisha na timu ya taifa ya nchi hiyo. Kampuni hiyo ilibuni jezi zenye alama yake, ikapewa haki ya kuziuza, na watoto wakawabana wazazi wao wawanunulie. Biashara kubwa tunayoiona leo duniani kote ilikua kutokana na kiwanda cha kawaida cha mjini kilichokuwa kikitafuta kazi ya kuwapa wafanyakazi wake.

Hapa kwetu biashara hiyo imekua kwa kasi ya kushangaza. Mwaka 2021 klabu ya Simba iliipa kampuni ya Vunja Bei zabuni ya jezi zake kwa miaka miwili, na thamani iliyotangazwa ilikuwa shilingi bilioni 2, yaani bilioni moja kwa mwaka. Mwaka 2025 klabu hiyo hiyo ilitangaza mkataba na kampuni ya Jayrutty wenye thamani ya zaidi ya shilingi bilioni 38 kwa miaka mitano, yaani zaidi ya bilioni 7 kwa mwaka. Yanga nayo imeshirikiana na kampuni ya GSM katika kuandaa na kuuza jezi na vifaa vyenye nembo yake. Katika maduka ya klabu hizo shabiki hukuta jezi, kofia, skafu, fulana, bendera na vikombe. Wiki za sherehe za klabu zinapofika, watu hupanga foleni.

Hatulalamiki juu ya ukuaji huo. Klabu inayojitegemea ni bora kuliko klabu inayoombaomba. Lakini fedha hizo hazitoki angani. Mwishowe hutoka mfukoni mwa shabiki, shilingi kwa shilingi. Tuchukue mfano wa jezi inayouzwa shilingi 40,000. Baba mwenye mke na watoto watatu, akitaka nyumba yake yote ivae rangi ya timu, atatoa shilingi 200,000. Kima cha chini cha mshahara katika utumishi wa umma, baada ya kupandishwa Julai 2025, ni shilingi 500,000. Basi mtumishi huyo atakuwa ametoa sehemu mbili ya tano za mshahara wake wa mwezi. Mtu anayetoa kiasi hicho ana haki ya kuuliza kazi ya kuishona jezi hiyo imempa nani mkate.

Watu wa Morogoro wana sababu ya pekee ya kuuliza swali hilo, maana wanayo kumbukumbu ya Kiwanda cha Viatu. Kiwanda hicho kilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1970 kwa fedha za Benki ya Dunia, kikiwa na uwezo wa kutengeneza jozi milioni 4 kwa mwaka. Sehemu kubwa ya viatu hivyo ilikusudiwa kuuzwa Ulaya. Soko hilo halikupatikana. Jengo halikufaa kwa hali yetu ya hewa, mitambo ilikosa vipuri, ngozi na vifaa havikutosha, na uzalishaji haukufika hata sehemu moja ya kumi ya uwezo wake. Mwaka 1990 kiwanda kikafungwa. Sababu zilikuwa nyingi, lakini mojawapo ni hii: tulijenga kwa ajili ya miguu ya watu tusiowajua, ambao hawakuwa wameomba viatu vyetu, wakati watoto wetu wa Uluguru walikuwa wakipanda mlima kwenda shule miguu mitupu.

Jezi ya mpira ni kinyume chake kabisa. Hapa mnunuzi tunamjua. Tunajua anapenda rangi gani, anainunua mwezi gani, na anaishi wapi. Ananunua tena kila msimu, timu ishinde au ishindwe. Ni viwanda vichache vya nguo duniani vyenye bahati ya kupata wateja waaminifu kama hao mlangoni.

Wapo watakaosema kwamba sisi hatuna ujuzi wa kushona jezi bora. Hoja hiyo haina nguvu. Katika manispaa hii hii ya Morogoro kipo kiwanda cha Mazava, ambacho kimekuwa kikishona nguo za michezo kwa ajili ya soko la Marekani. Wafanyakazi wake, wengi wao wakiwa akina mama na vijana, wamekuwa wakikata na kushona nguo ambazo mwanamichezo wa ng'ambo huzivaa bila manung'uniko. Hao ni dada zetu na wake zetu wa hapa hapa. Kama mshono wao unamtosha Mmarekani, hauwezi kukosa kumtosha shabiki wa Kihonda.

Tena, biashara hiyo ya Marekani ilipata nafuu kutokana na sheria ya AGOA ya mwaka 2000, iliyoziruhusu nguo za nchi nyingi za Afrika kuingia kule bila ushuru. Muda wa sheria hiyo ulifika mwisho Septemba 2025, na kuendelea kwake kukawa jambo la kuamuliwa na bunge la watu wengine. Ni vema kuuza nje, na tuendelee kuuza. Lakini ajira ya mwana Morogoro isitegemee kura inayopigwa Washington peke yake. Soko la nyumbani ndilo nguzo ya kuegemea upepo unapovuma.

Kiwanda kingine kinachostahili kutajwa ni kile kilichojulikana kama Polytex, ambacho baada ya ubinafsishaji kiliingia katika kundi la kampuni za MeTL kwa jina la 21st Century Textiles. Mkuu wa kundi hilo, Ndugu Mohammed Dewji, ndiye aliyeshinda mwaka 2017 zabuni ya kuwekeza katika klabu ya Simba kwa ahadi ya shilingi bilioni 20. Hivyo nyumba moja imefahamu kwa karibu kazi ya nguo hapa Morogoro na kazi ya mpira kule Msimbazi. Hatusemi jambo hili kwa kumlaumu mtu. Tunalisema kwa sababu linaonyesha kwamba kiwanda na klabu haviko mbali kama tunavyodhani.

Ni haki pia kuzieleza shida zilizopo. Kitambaa cha khanga husukwa kwa nyuzi zinazopishana, lakini kitambaa cha jezi hufumwa kwa vitanzi kama sweta, ndiyo maana hunyumbuka mwilini. Kinahitaji mashine za aina yake na uzi wa poliesta, ambao nchi yetu huuagiza. Rangi na maandishi huchapwa kwanza kwenye karatasi, kisha huhamishiwa kwenye kitambaa kwa joto kali. Mashine hizo zina gharama, na umeme ukikatika kazi huharibika. Isitoshe, kiwanda cha China kinachoshona jezi za klabu mia moja kinaweza kuuza kwa bei ambayo kiwanda kinachoanza hakiiwezi.

Shida hizo zinataka hatua, wala si kukata tamaa. Hatua ya kwanza ni kuingiza kitambaa kilichofumwa na kukikata, kukichapa na kukishona hapa. Sehemu inayobeba ajira nyingi ni kukata na kushona, na hiyo ndiyo tunayoiweza tayari. Kufuma kitambaa chenyewe kutafuata kazi ikiwa nyingi. Fulana, kofia na bendera za pamba zinaweza kuanza hata leo kwa pamba ya wakulima wetu, ambayo nyingi husafirishwa nje ikiwa ghafi. Sheria nayo inatusaidia, kwa kuwa tangu Julai 2022 nchi za Afrika Mashariki zimekubaliana kutoza ushuru wa asilimia 35 kwa nguo nyingi zilizoshonwa nje ya jumuiya.

Faida nyingine ni kupunguza jezi za bandia. Wengi hudhani mtu hununua jezi ya bandia kwa sababu haipendi klabu yake. Sivyo. Huinunua kwa sababu ile halisi haipo dukani siku anayoitaka, au ipo kwa bei asiyoiweza. Mlanguzi hustawi palipo na uhaba. Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963 ipo, na Tume ya Ushindani ina wajibu wa kuisimamia. Lakini askari peke yake hamalizi ulanguzi. Kiwanda kilicho karibu kinaweza kushona jezi nyingine ndani ya siku chache zile za kwanza zikiisha, na treni ikazifikisha Dar es Salaam siku ile ile. Meli haiwezi kufanya hivyo.

Basi tunatoa mapendekezo matatu. Kwanza, klabu zetu zinapotangaza zabuni ya jezi ziweke sharti kwamba sehemu fulani ya kazi ifanyike nchini, na sehemu hiyo iongezeke kila mwaka. Wanachama wadai sharti hilo katika mikutano mikuu, na wasomewe idadi ya jezi zilizoshonwa na kuuzwa. Pili, Baraza la Michezo la Taifa, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, likae pamoja na wizara inayohusika na viwanda ili timu za taifa zionyeshe mfano kwa kuvaa jezi zilizoshonwa hapa. Tatu, mkoa wetu uanze na timu zake. Mseto ya Morogoro ilikuwa bingwa wa nchi mwaka 1975, na Mtibwa Sugar ilitwaa ubingwa mwaka 1999 na 2000. Reli nayo iliwahi kuwatoa jasho vigogo. Lakini kijana wa leo akitaka kuvaa jezi ya Mseto au ya Reli, aende duka gani? Timu isiyo na vazi mitaani husahauliwa upesi.

Kwa watumishi wa umma na walimu, ambao ndio wasomaji wa ukurasa huu na ndio wanaotazamwa na watoto, tuna ombi dogo. Msinunue jezi kabla ya kuuliza imeshonwa wapi. Muuzaji akiulizwa mara moja atacheka. Akiulizwa mara mia atampelekea swali aliyemletea mzigo, naye atalifikisha kwenye uongozi wa klabu.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Wachezaji wetu wanacheza kwao na tunawatunza kwa moyo mkunjufu. Fundi wa cherehani wa Kihonda naye yuko kwao, na hadi sasa hajaitwa uwanjani. Aitwe.