CHEO SI RUHUSA YA KUMTAKA MFANYAKAZI



Sisi watu wa reli tumezoea kusema hapa habari za mishahara, nyumba na saa za kazi. Leo twataka kusema neno ambalo watu hulisema kwa kunong'ona tu: mkubwa wa kazi kumtaka kimapenzi mfanyakazi aliye chini yake.

Namna yake yajulikana. Kibarua ambaye kazi yake inakwisha mwisho wa mwezi huambiwa, "Njoo tuonane jioni, ndipo nitatia sahihi." Akikataa, hupangiwa zamu ya usiku kila juma, au jina lake halionekani tena katika orodha. Mwingine hutupiwa maneno machafu kila siku mbele ya wenzake, nao hucheka.

Wako wasemao, "Hayo ni mambo ya watu wawili, chama kisiingie." Twakataa. Mambo ya watu wawili ni pale kila mmoja awezapo kusema hapana, na kesho akaikuta kazi yake vile vile. Ikiwa unga wa watoto wa mmoja umo mkononi mwa mwingine, hayo si mapenzi, ni kulazimishwa.

Sheria ya Kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 6, yakataza jambo hili. Yamtaja mwajiri, mjumbe wake, na hata mfanyakazi mwenzako. Yataja kuahidi upendeleo, kutisha mtu juu ya kazi yake, na maneno, picha au kushikwa kusikotakiwa kunakomdhuru mtu kazini. Nayo yasema "mfanyakazi", haisemi mwanamke peke yake. Hata kijana mwanagenzi yumo.

Kifungu hicho chamwagiza kila mwajiri mwenye watu 20 au zaidi atoe maagizo yaliyoandikwa, baada ya kushauriana na wafanyakazi au wajumbe wao. Maagizo hayo lazima yaonyeshe mashtaka yapelekwe wapi na mkosaji ataadhibiwaje. Jina la mlalamikaji lisitolewe, ila pale uchunguzi au adhabu inapohitaji. Basi, ndugu, muulize mjumbe wako: karatasi hiyo iko wapi kwetu? Kama haipo, tuidai katika mkutano ujao na mwajiri. Kushauriwa ni haki yetu.

Mtu asiogope kufukuzwa kwa kulalamika. Kifungu cha 46 chasema kulalamika si sababu ya haki ya kumwachisha mtu kazi, isipokuwa malalamiko yakionekana hayana msingi. Aliyefukuzwa aweza kumpelekea ofisa wa kazi barua katika miezi 3, na fidia yaweza kufika mishahara ya miezi 12. Tena, Sheria ya Makosa ya Kimapenzi ya mwaka 2006 yasema mwenye mamlaka anayezidi kumsumbua mtu hivyo, naye ajua hatakiwi, aweza kufungwa miaka isiyopungua 3, au kutozwa faini isiyopungua shilingi 100,000, au vyote viwili.

Wengine waogopa kusingiziwa. Hofu hiyo nayo ina jibu. Kifungu cha 41 chasema mshtakiwa asifukuzwe kwa kosa la mwenendo kabla ya kuelezwa sababu kwa lugha anayoifahamu na kusikilizwa, akiwa na mwenzake au mjumbe wa chama. Mshtakiwa akiwa mwanachama, chama kitasimama naye apate kusikilizwa. Lakini kusimama naye si kumfichia kosa. Aliyekosewa naye ni mwanachama, naye hulipa ada ile ile.

Basi, uliyesumbuliwa, andika siku, saa, mahali, maneno yaliyosemwa na walioyasikia, ukamwone mjumbe upesi. Nawe uliyesikia, usicheke. Uwe shahidi. Sheria bila shahidi ni kama ishara ya njia isiyo na taa usiku: ipo, lakini haimwokoi mtu.

Dereva hapiti ishara nyekundu kwa kuwa ana cheo. Na mkubwa wa kazi asipite.

Umoja ni nguvu.