Jirani Ni Kiima, Si Yambwa

Aprili 2022, miezi minne kabla ya uchaguzi mkuu, Tume ya Kitaifa ya Uwiano na Utangamano ilitoa orodha ya maneno ambayo wanasiasa walionywa wasiyatumie majukwaani. Miongoni mwayo yalikuwemo madoadoa, kwekwe na mende. Niliichukua orodha hiyo nikaingia nayo darasani, kwa kuwa ni nadra sana kwa tume ya serikali kumsaidia mhadhiri wa isimu kutayarisha somo lake. Wanafunzi walicheka. Mmoja wao, mzaliwa wa Pwani, akauliza kwa unyofu kabisa kosa la madoadoa ni lipi, ilhali kwao chui ana madoadoa na kanga ina madoadoa. Wenzake waliotoka Molo, Kuresoi na Burnt Forest hawakucheka tena.

Swali la kijana yule lilikuwa zuri kuliko alivyodhani. Katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 30, Yakobo anaishi ugenini kwa mjomba wake Labani, amemchungia mifugo kwa miaka mingi, na anapoulizwa alipwe nini anataja wanyama wenye madoadoa na marakaraka. Kwa hiyo katika Biblia ya Kiswahili madoadoa ni ujira, ni haki ya mgeni aliyetoka jasho. Katika Bonde la Ufa neno lilo hilo lilikuja kuwa jina la mtu asiyestahili kubaki alipo. Wanaolitamka Jumamosi mkutanoni ndio wanaofungua Biblia hiyo Jumapili.

Tulipoendelea na somo tuliona jambo moja ambalo ningependa walimu wenzangu walitafakari. Doa hufuliwa. Kwekwe hung'olewa. Mende hupondwa. Kila nomino katika orodha ile imebeba kitenzi chake tumboni, na anayeitamka hana haja ya kutoa amri, maana wasikilizaji watakijazia kitenzi wenyewe. Ndiyo sababu mashtaka ya uchochezi huwa magumu kuthibitishwa mahakamani. Msemaji atasema, tena kwa kiapo, kwamba hakumwambia mtu yeyote amfanye jirani yake lolote.

Historia ya vitenzi hivyo tunaijua. Mapigano yaliyoanzia shamba la Meteitei, Nandi, mwishoni mwa Oktoba 1991 yalienea hadi Molo, Olenguruone na Burnt Forest katika mwaka wa 1992. Yalirejea Njoro na Laikipia Januari 1998, na yakalipuka kwa ukali zaidi baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Tume ya Waki ilihesabu watu 1,133 waliofariki katika ghasia hizo za mwisho kote nchini. Tarehe 1 Januari 2008 kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret, lilichomwa likiwa na wanawake na watoto waliokimbilia humo. Tarehe 27 mwezi uo huo, mjini Naivasha, watu 19 waliteketezwa ndani ya nyumba moja. Waliokufa Kiambaa na waliokufa Naivasha hawakuwa wa kabila moja, wala waliowasha mioto hiyo hawakuwa wa kabila moja. Ukitafuta walichoshirikiana watu wa pande zote, utakuta kwamba wengi walikuwa na majina ya ubatizo.

Hapa sina budi kusema jambo langu mwenyewe, lisije likaonekana kwamba ninawanyoshea wengine kidole kutoka mahali pa juu. Mwaka wa 2007 nilikuwa kijana wa shahada ya uzamili, na Jumapili nilikuwa mkalimani katika kanisa moja la mashambani katika eneo letu. Mhubiri alihubiri kwa lugha ya mama, nami nikamfasiria kwa Kiswahili kwa ajili ya wachache wasioijua lugha hiyo vyema. Sitaitaja lugha yenyewe, kwa maana hakuna lugha ya bonde hili ambayo haijawahi kutumiwa hivyo. Jumapili moja ya Desemba, mhubiri mgeni aliomba Mungu alisafishe shamba lake, akatumia neno ambalo maana yake halisi ni magugu yanayong'olewa na kutupwa motoni. Watu wakaitikia amina. Ikafika zamu yangu. Nikasema, "Bwana awakumbuke wageni walio kati yetu."

Nilijiona mwerevu. Niliamini nimeyazima maji ya moto. Benchi la tatu palikuwa na familia ambayo maombi yale yaliihusu, nayo ilikuwa imeishi pale tangu kabla sijazaliwa, ikiijua lugha ya mhubiri kama anavyoijua yeye. Walisikia neno la kwanza, kisha wakanisikia mimi nikilifunika. Wiki chache baadaye walikuwa chini ya turubai katika uwanja wa maonyesho wa Nakuru pamoja na maelfu ya wengine. Miaka kadhaa ilipita kabla sijakutana na baba wa familia ile katika kituo cha matatu mjini. Alinisalimu kwa ukarimu, akaniuliza habari za masomo. Nilipoanza kuomba radhi, alinikatiza. "Mwalimu," akasema, "yule mhubiri alitutukana, lakini wewe ulituambia hatukusikia."

Sijapata kuusikia uchambuzi mkali zaidi wa tafsiri kutoka kwa mtahini yeyote, na nimewahi kuketi mbele ya wakali. Hata neno nililolichagua, nikilidhani la upole, lilikuwa uongo. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mzee yule alikuwa ameshika jembe tangu miaka ya sitini, na kwa hesabu yangu ya siku ile bado siku yake ya tatu haikuwa imefika.

Si kwamba hatukuwa na mfano wa kuufuata. Kuanzia 1971 hadi 1996 Jimbo Katoliki la Nakuru liliongozwa na Askofu Raphael Ndingi Mwana a'Nzeki, mzaliwa wa Mwala, Machakos. Kwa lugha ya majukwaa ya wakati ule, askofu mwenyewe alikuwa doa. Mapigano yalipozuka, parokia zake ziliwapokea waliofukuzwa mashambani, naye pamoja na maaskofu wenzake wakasema wazi katika mwaka wa 1992 kwamba serikali haingeweza kukwepa lawama. Hilo halikuwa jambo dogo chini ya utawala wa wakati ule. Aliyasema pia bila kuwageuza waliorusha mishale kuwa wanyama. Kwake kulikuwa na watu waliotenda uovu, na kulikuwa na watu wenye vyeo waliouandaa, na wote aliwataja kwa matendo yao.

Kinyume chake, mwaka wa 2007 viongozi wengi wa makanisa waligawanyika kwa mistari ya makabila yao, hata Februari 2008 Baraza la Kitaifa la Makanisa Kenya likakiri hadharani kwamba liliegemea pande na kushindwa kusema kwa sauti moja. Naliheshimu ungamo hilo. Lilikuja baada ya moto, lakini ni taasisi chache za nchi hii ambazo zimewahi kuungama lolote.

Mimi ni mwalimu wa lugha, si mwanateolojia, kwa hiyo nisomapo Injili macho yangu hunasa sarufi kwanza. Katika Luka sura ya 9 kijiji kimoja cha Wasamaria kinakataa kumpokea Yesu kwa sababu anaelekea Yerusalemu. Ugomvi huo ni wa kabila, wa ibada na wa mipaka, kama mingi ya kwetu. Yakobo na Yohana wanaomba idhini ya kuuita moto ukiteketeze kijiji. Hawa si wahuni wa barabarani, ni wanafunzi wa karibu kabisa, na wanachopendekeza ni kuchoma nyumba za watu kwa ajili ya heshima ya kiongozi wao. Yesu anawakemea, kisha safari inaendelea kwenye kijiji kingine.

Sura moja tu mbele, mwanasheria anauliza jirani yake ni nani. Yesu anamjibu kwa kisa cha mtu aliyevamiwa na wanyang'anyi katika njia ya Yeriko, akapitwa na kuhani na Mlawi, akaokolewa na Msamaria. Wengi wetu tumekihubiri kisa hiki kana kwamba funzo lake ni kuwasaidia majeruhi. Tazameni sarufi yake. Mwanasheria alimweka jirani katika nafasi ya yambwa: ni nani ambaye mimi, kiima, ninapaswa kumpenda? Aliyeuliza hivyo ameshika daftari mkononi, yu tayari kuandika majina ya walio ndani na kuwaacha walio nje. Mwishoni Yesu anamrudishia swali likiwa limepinduliwa: katika hao watatu, ni yupi aliyekuwa jirani? Jirani amehamia nafasi ya kiima. Daftari la majina halina kazi tena.

Halafu ni jibu la mwanasheria. Hasemi ni Msamaria. Anasema ni yule aliyeonyesha huruma. Ulimi umekataa kulitaja kabila la mtu mwema. Nani kati yetu hajawahi kuusikia ulimi huo katika chumba cha walimu, mtu anapomsifu mwenzake kwa kusema kwamba ingawa anatoka kule, si kama wale wengine?

Jambo jingine liko katika Yohana sura ya 8. Wapinzani wanamtupia Yesu matusi mawili kwa pamoja, kwamba yeye ni Msamaria na kwamba ana pepo. Yesu anakanusha la pepo. La Usamaria analipita kimya. Angeweza kutaja ukoo wake na Bethlehemu yake, asifanye hivyo. Nadhani aliona kwamba kulikanusha kungekuwa kukubali kuwa ni tusi.

Najua pingamizi linalokuja, na ni la haki. Mtu wa Kuresoi ataniambia kwamba tatizo si maneno, tatizo ni ardhi. Atanikumbusha kwamba wakoloni waliwahamisha watu kwa nguvu kuyatengeneza mashamba ya walowezi, kwamba baada ya uhuru ardhi hiyo iligawiwa kwa mipango ya makazi na makampuni ya kununua mashamba ambayo si kila mtu alikuwa na fedha au mjomba wa kumwingiza, na kwamba nyumba za msitu wa Mau zilivunjwa kisha zikajengwa kisha zikavunjwa. Yote hayo ni kweli. Ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, iliyokabidhiwa Mei 2013, iliyaandika kwa kirefu, na mapendekezo yake mengi hayajatekelezwa. Mahubiri ya amani yasiyogusa hati za mashamba ni maombi ya kuwabembeleza watu walale. Nimeyasikia mengi, kila baada ya miaka mitano, yakidhaminiwa kwa fulana na soda.

Lakini pingamizi hilo likisukumwa hadi mwisho linajipinga lenyewe. Dai la ardhi ni dai la haki, na haki huhitaji majina kamili: nani aliuza, nani alinunua, nani aliidhinisha, mwaka gani, ekari ngapi. Neno madoadoa lilikuja kuyafuta majina hayo. Aliyejilimbikizia maelfu ya ekari hakuwahi kuitwa doa. Doa lilikuwa mjane mwenye ekari mbili na nusu. Tume ya Akiwumi, iliyoyachunguza mapigano ya miaka ya tisini, na kamati ya Bunge ya Kiliku kabla yake, zilielekeza macho kwa wakubwa. Majukwaa yalielekeza macho kwa majirani. Anayetaka ardhi ijadiliwe kwa dhati ndiye wa kwanza kunufaika neno lile likikoma.

Makanisa yameanza kujisahihisha mahali fulani. Septemba 2021 Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit wa Kanisa Anglikana aliwanyima wanasiasa nafasi ya kuhutubia ibadani. Novemba 2024 Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi alikataa fedha za mchango zilizotolewa na Rais katika kanisa la Soweto. Hatua hizo nazisifu, ingawa kipaza sauti kikifungwa altareni hufunguliwa nje penye maegesho. Tena neno la mhubiri wangu wa 2007 halikutoka kinywani mwa mwanasiasa. Lilipita katika sala, likaitikiwa amina, likafasiriwa na msomi.

Uchaguzi wa Agosti 2027 unakaribia, na walimu ndio watakaosimama mbele ya watoto wa nyumba zote. Mimi nimetoa zoezi. Kila mwanafunzi aandike maneno ambayo nyumbani kwao huitwa watu wa makabila mengine, maana yake halisi, na kitenzi kinachofichwa tumboni mwa kila neno. Sharti ni moja: hairuhusiwi kuandika maneno ambayo wengine huwaita ninyi. Darasa lilinung'unika, kwa sababu orodha hiyo ya pili kila mtu anayo tayari, imekamilika. Baada ya kipindi msichana mmoja alinifuata ukumbini akaomba aongezewe wiki moja. Nyumbani ameshauliza, akasema, na nyanya yake amemtajia maneno sita bila kusita. Sasa anataka kwenda kumuuliza mchungaji wao, na anaona haya.

Nimempa wiki mbili.